Visiki Thelathini na Saba

9 Januari

Mdogo wangu Kitinda,

Gauni lako la kazini limekwisha. Mfuko wa kulia nimeupanua, maana mkunga anayetia mkasi, kalamu na pipi za wagonjwa katika mfuko mmoja lazima mfuko upasuke, na mimi nimechoka kushona mahali pale pale kila mwaka. Simu mliyoninunulia bado iko kwenye droo ya vifungo, salama salimini. Sipendi kuitwa nikiwa na kitambaa kwenye sindano. Ukiwa na neno la maana, andika.

Hapa nyumbani ni balaa juu ya balaa. Magoti yananiuma, hasa la kushoto. Mibuni ya mama imenitia aibu mwaka huu. Mibuni thelathini na saba, na nilichovuna ni bakuli moja na robo. Imerefuka kama vijana wa sekondari, majani yako huko juu yanapepea, chini ni vijiti vitupu. Napalilia, namwaga samadi, natoa matawi makavu, yenyewe inanitazama tu. Ule wako wa kumi na tisa ndio kabisa. Ulipoupanda ukiwa na miaka sita uliukunja mzizi kama mtu anayeficha kitu mfukoni, na hadi leo umesimama upande. Mama alikataa kuung'oa kwa sababu ulilia. Basi na mimi siung'oi, lakini usidhani unanifurahisha.

Mheshimiwa alipita mwaka mpya. Unamjua kaka yako, tangu utotoni anaongea kama yuko mkutanoni, ndiyo maana jina hilo halikumtoka. Alisema anatoka nje kunyoosha miguu. Nilipochungulia dirishani nikamwona ananyoosha futi ya kupimia, kutoka ukuta wa chumba changu cha kushonea hadi mbuni wa mwisho. Nikamwuliza anapima nini. Akasema anapima hewa.

Nilimkumbusha maneno ya mama, na wewe nakukumbusha. Mama alisema mbele yetu sote watatu, na Karani, jirani yetu aliyestaafu mahakamani, akaandika katika daftari lake: uwanja huu na nyumba iliyomo havigawanywi maadamu mibuni iko hai. Ikifa, na mvua za msimu mzima zikapita bila jani bichi, ndipo tugawane. Kaka yako anataka kuvunja nyumba ajenge vyumba vya kupangisha, na mimi nikakae chumba cha uani kwake nishone mapazia ya mkewe mpaka nife. Nimemwambia sihami. Akacheka, akasema nimezoea shida. Nimekasirika hata sindano mbili zimenivunjikia.

Wasalimie wajomba zangu wawili hao wanaokuita mama.

Dada yako


27 Januari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Gauni limefika na limenikaa vizuri. Wenzangu kazini wanauliza fundi ni nani, nawaambia hamumwezi.

Barua yako nimeisoma mara mbili na imenihuzunisha. Dada, una miaka hamsini na minane. Ulimuuguza mama miaka minne peke yako, na sasa unauguza miti. Nikisoma habari za magoti yako najiona mwizi, mimi niko huku na wewe uko huko unabeba samadi. Nadhani umefika wakati wa kupumzika. Mibuni nayo imechoka, umesema mwenyewe. Sidhani mama alikusudia tufungwe na miti mpaka mwisho wa dunia.

Sisi huku tupo. Vyumba vyetu viwili bado viko ukuta kwa ukuta na karakana ya kuchomelea vyuma, na watoto wanasoma wamejiziba masikio. Nawaza tu, dada, kwamba ningepata hata kipande kidogo changu ningepumua. Lakini sikulazimishi kitu. Kaka aliniandikia pia, salamu za kawaida.

Weka goti juu ya kigoda ukiwa umekaa, na lipake mafuta yenye moto kidogo.

Mdogo wako,
Kitinda


11 Februari

Kitinda,

Nimekuelewa.

Mwambie Mheshimiwa aje na msumeno. Ule wake mpya, wangu umekula kutu. Aje kabla ya mvua, mwisho wa mwezi huu ni vizuri. Najua utamwambia leo hii hii, wewe tangu zamani huwezi kukaa na pipi mdomoni bila kufungua kinywa uonyeshe wenzako.

Nimechoka kutazama miti mirefu isiyozaa. Usiniulize zaidi ya hapo.

Goti bado linauma.

Dada yako


3 Machi

Ndugu yangu Kitinda,

Napenda kukujulisha kwamba zoezi limekamilika. Nilifika Jumamosi asubuhi na msumeno kama alivyoagiza dada, na kufikia saa tisa alasiri mibuni yote thelathini na saba ilikuwa chini. Nilikata yote mwenyewe, na mikono yangu imetoka malengelenge. Dada alinielekeza tu nikate usawa wa goti, nisishuke zaidi. Nilipomwuliza kwa nini tusichimbue na mizizi kabisa, alijibu kwamba maneno ya mama yanataka msimu wa mvua upite kwanza, na yeye hataki kuonekana kavunja neno. Nami nikaona ni sawa. Utaratibu ni utaratibu. Visiki alisema vitafaa kuwa vigoda vya wateja wake wakati huo.

Nakiri nilitarajia ugomvi. Nilikuwa nimebeba ile karatasi yetu, uliyosaini mwezi wa kumi na mbili, inayosema kwamba sisi wawili tumeiona mibuni kuwa imekufa na tunaomba uwanja ugawanywe. Nilimwonyesha. Aliivaa miwani, akaisoma yote, akanirudishia, akaniuliza kama nitakunywa chai. Nilipokuwa naondoka alikuwa anapaka vichwa vya visiki rangi ya mafuta, ile ya buluu iliyobaki tulipopaka mlango. Nadhani ni huzuni, kila mtu ana namna yake. Nilimwacha aendelee, na msumeno nikauacha hapo kwa ajili ya matawi.

Mwisho wa mwezi wa tano, mvua zikishakatika, nitakwenda na Karani ashuhudie, kisha mafundi waanze. Kipande chako ni cha upande wa barabarani, kama tulivyokubaliana. Jiandae.

Kaka yako


14 Machi

Dada,

Shikamoo. Sijui nianze wapi. Kaka ameniandikia yote, na kwamba alikuonyesha karatasi.

Nilisaini, dada. Alikuja kwangu mwezi wa kumi na mbili, mvua ilikuwa imeingia ndani, madaftari ya watoto yamelowa, na kule karakana wanagonga vyuma. Aliiweka karatasi mezani, akaniambia umechoka ila huwezi kusema. Nikasaini nimesimama, hata kiti sikuvuta. Halafu barua yako ya Januari ikaja inaniambia habari za magoti na bakuli moja na robo, nikajipa moyo kwamba ni kweli unataka kutuliwa mzigo. Nikakuandikia maneno matamu, na karatasi nikaificha.

Lakini sikuwahi kudhani utaikata. Tangu nisome kwamba mibuni iko chini sili vizuri. Jana kazini nilikuwa nafungasha vifaa nikajikuta nalia, mwenzangu akadhani nimejichoma.

Nitukane, dada, nitakuwa nimestahili. Ila usininyamazie.

Kitinda


19 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu na hujajibu hata moja. Nimemwuliza dereva wa lori anayepita huko, akasema amekuona umeinama uwanjani katikati ya visiki vya buluu, unatandaza majani makavu. Akasema ulimpungia mkono. Kwa hiyo u mzima.

Nakumbuka siku tuliyopanda. Mama alitupa kila mmoja miche yake na kijiko cha kuchimbia. Wewe ulipanda kumi na miwili bila kuinua kichwa. Kaka alipanda minne akaanza kutusimamia. Mimi nilipanda mmoja. Shimo langu lilikuwa fupi, mzizi ukawa mrefu, nikaukunja ili niwahi kumaliza. Mama aliona. Hakuniambia nirudie, alisema tu kwamba huu utatuonyesha. Nimekuwa nikijiuliza utatuonyesha nini.

Sidai unijibu. Nakuambia tu kwamba kesho nina mapumziko na nitakaa chini niandike jambo nililopaswa kuliandika Desemba.

Kitinda


20 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nakuandikia kwa ufupi, na nakala nimempelekea Karani kwa sababu wewe unapenda utaratibu.

Naondoa saini yangu kwenye ile karatasi. Nilisema mibuni imekufa wakati sikuwa nimetia mguu huko miaka miwili. Ulikuwa uongo, na niliusaini kwa sababu nilitaka kipande cha upande wa barabarani. Sasa mmeikata na huenda imekufa kweli, lakini hilo halibadilishi neno langu. Hata kama hakuna jani litakalotoka, mimi sitasimama mbele ya Karani kusema nyumba ya dada ivunjwe. Kama kugawana ni kwa sauti za watoto watatu, hesabu sauti mbili zinakataa.

Usije kwangu na karatasi nyingine. Ukija na salamu, chai ipo. Ukija na karatasi, mlango huu najua jinsi ya kuufunga. Vyumba vyangu ni viwili na vina kelele, ila ni vyangu, na nitaendelea kuvilipia mwenyewe mpaka nijue njia nyingine isiyopita juu ya mgongo wa dada.

Najua utasema nimelishwa maneno. Sijapata neno kutoka kwa dada tangu Februari. Haya ni yangu.

Mdogo wako,
Kitinda


2 Juni

Mdogo wangu Kitinda,

Sasa nakujibu, na kaa chini maana ni ndefu.

Kwanza kabisa: mimi nalalamika tangu nizaliwe. Mama alikuwa anasema nilitoka tumboni nalalamika baridi. Nikikwambia goti linauma, maana yake ni kwamba goti linauma. Kulalamika siyo kuomba kuhamishwa. Hilo uliandike mahali, mkunga mzima unashindwa kutofautisha uchungu na kelele.

Pili, karatasi yako niliijua hata kabla ya Mheshimiwa kuitoa mfukoni. Ile barua yako ya Januari ilikuwa na adabu nyingi mno. Wewe ukiwa huna hatia unanijibu ovyo. Alipoifungua mbele yangu niliiona saini yako, ile ile ya darasa la nne yenye mkia unaopinda. Iliniuma, Kitinda. Sitakuficha. Nilitengeneza chai ili mikono iwe na kazi, na maji yalipochemka nikalia kidogo huko jikoni, nikafuta macho, nikamletea kikombe.

Sasa nikueleze mibuni. Miaka ishirini iliyopita, wewe ukiwa chuo cha ukunga na Mheshimiwa keshahama, mibuni ilifanya vile vile. Ikarefuka, ikaacha kuzaa. Mama akashika msumeno akaikata yote usawa wa goti. Mimi nilidhani amechanganyikiwa. Majirani walikuja kutupa pole. Mama akapaka vidonda rangi ili maji na wadudu visiingie, akatandaza majani makavu, akangoja mvua, na kwa miezi ile yote kila aliyemwuliza alimjibu kwamba anangoja. Mvua ilipokolea kila kisiki kikatoa machipukizi. Akayapunguza, akabakiza matatu matatu, na baada ya mwaka wa pili tulivuna hadi magunia yakatuishia. Mbuni mzee ndivyo unavyofufuliwa. Unaukata unaonekana maiti, halafu unauacha na mizizi yake.

Sasa jiulize kwa nini mama alimwandikisha Karani kwamba msimu mzima wa mvua upite kwanza. Nyie wawili mlidhani ni maneno ya mgonjwa. Mama alijua kuna siku mibuni itakatwa tena, na kwamba yeyote atakayeiona wakati huo atasema imekufa. Alinipa muda. Nililielewa hilo mwezi wa pili, nikiwa nimeshika barua yako mkononi, na ndipo nikaagiza msumeno.

Na kwa nini sikukwambia? Kwa sababu ningekwambia wewe, ungemwambia yeye, na yeye angekuja na chepeo kung'oa mizizi kabla tone la kwanza halijaanguka. Samahani kwa kukunyamazia. Barua zako zote tatu ziko chini ya cherehani, nilizisoma mpaka zikalegea kwenye mikunjo.

Kaka yako alikata kama anakata mkate, bapa, maji yakae juu yaoze. Alipoondoka tu nikachukua ule msumeno nikapitia upya kila kimoja kwa mshazari. Ilinichukua siku tano na goti lilinipigia kelele siku zote tano. Rangi ile ya haraka haraka ilikatika pamoja na vichwa, nikapaka nyingine. Nikabeba samadi. Kisha mvua.

Juzi Jumamosi akaja. Alikuwa amevaa viatu vyake vya mkutano na amebeba faili. Karani alikuja na daftari na fimbo yake, na mafundi wawili wakabaki nje ya geti na futi. Mimi nilikuwa nashona. Sikusimama. Niliwaambia wazunguke nyuma, uwanja haujafungwa.

Nikasikia mlio wa viatu vya mkutano ukikatika ghafla. Kitinda, mlio ule nimeushona ndani ya moyo, sitautoa. Baadaye nikatoka. Karani alikuwa ameinama juu ya kisiki cha kwanza, anahesabu machipukizi kwa kidole, midomo ikicheza. Alihesabu kumi na moja. Kisiki cha pili tisa. Mheshimiwa alikuwa amesimama na faili lake kifuani, akasema nimemdanganya. Nikamwambia mimi sikumdanganya, hakuniuliza. Nikamwambia na asante, kazi ngumu kafanya yeye.

Akageuka kwa Karani akasema hata hivyo upo ule wa kumi na tisa, haukuchipua, na mti mmoja uliokufa ni mwanzo wa kufa. Kweli, ulikuwa mkavu, kichwa cha buluu tupu. Karani akapiga goti pale polepole, akakwangua gome kwa ukucha wa dole gumba. Chini ya gome palikuwa kijani. Akasema, "Huu umechelewa tu. Daftari halisemi uwahi."

Halafu akatoa barua yako mfukoni. Sikujua kuwa ipo. Akaisoma pale pale kwa sauti yake ya mahakamani, tangu salamu hadi "Haya ni yangu." Alipofika pale unaposema hata kama hakuna jani litakalotoka, nikarudi ndani, nikajifanya nimesahau kuzima pasi. Mimi niliishika mibuni nikijua iko hai. Wewe ulinitetea ukidhani imekufa, na ukidhani mimi nimekukasirikia. Nimekuwa nikijiona shujaa tangu Februari, na shujaa alikuwa huko karakanani kwenye kelele.

Mheshimiwa hakunywa chai. Aliondoka na mafundi wake, faili akalisahau juu ya kisiki cha nane. Nimekuta karatasi zake ni ngumu na safi, nakatia mitindo ya kola.

Sasa sikiliza. Machipukizi ni mengi mno, lazima yapunguzwe wiki mbili hizi, yabaki matatu yenye nguvu kila kisiki, yale ya kando yatolewe. Peke yangu siwezi na sitaki. Njoo na wajomba zangu. Kile chumba cha mama nimekipaka rangi, buluu hiyo hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, na dirisha lake linatazama mibuni, hakuna anayechomelea chuma. Sikwambii uje kutembea. Nakwambia uje ukae, na hospitali ya huku ina wodi ya wazazi na wakunga wawili tu waliochoka. Kugawana kumekatazwa. Kukaa pamoja hakukukatazwa popote, nimemwuliza Karani.

Wako wa kumi na tisa umechipua leo asubuhi. Chipukizi moja, chini kabisa karibu na udongo, upande ule ulioinamia. Sijaligusa.

Mheshimiwa ameniandikia jana, mistari miwili, anadai msumeno wake. Kwa kuwa wewe ndiye mjumbe wetu, mpe jibu langu. Mama alichelewa kuikata tena na mimi nimechelewa, ila safari hii hatuchelewi. Miaka saba ikipita naikata upya. Mwambie msumeno haurudi, bado nina kazi nao.

Dada yako